Maji meusi ya zeituni: umwachie bakteria gani ayasafishe?

Kwanza tuelewane, haya maji machafu ya zeituni usiyafikirie kama maji ya kuoshea vyombo. Ni meusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, ni machungu, yana asidi, yana mabaki ya mafuta juu, na yakikaa siku tatu juani kijiji kizima kinajua. Wagiriki wanayaita katsigaros, Watunisia na Wamoroko wanasema margine, Wahispania alpechín, yaani kila mtu kayapa jina kwa sababu kila mtu yamemsumbua. Mimi nimefanya kazi misimu miwili kwenye kinu kimoja kule Messinia, kusini mwa Ugiriki, kazi yangu ilikuwa kuchota sampuli, kupima na kuangalia tangi, na swali ambalo wadogo zangu wanaosomea mazingira wananiuliza kila mara ni hili hili: tuweke bakteria wa biogesi, au wa hewa, au hawa wa mbolea, au tumwage tu shambani udongo wenyewe ushughulike?

Nitajibu, ila kwanza mjue ukubwa wa mzigo. Vinu vingi vya kisasa ni vya njia tatu, zeituni zinasagwa, zinaongezewa maji ya uvuguvugu, zinazungushwa kwa kasi, afu yanatoka mafuta huku, mashudu huku, na maji meusi huku. Tani 1 ya zeituni inakupa karibu mita 1 ya ujazo ya hayo maji. Kipimo chake cha COD, yaani oksijeni inayotakiwa kuunguza uchafu wote uliomo, kinacheza kati ya gramu 40 na 200 na ushee kwa lita, wakati maji taka ya majumbani hayafiki hata gramu 1 mara nyingi. Sasa chukua kinu cha kawaida tu kinachosaga tani 20 kwa siku, maji mita 20, weka COD gramu 80, hapo una kilo 1,600 za mzigo kila siku, na mtu mmoja nyumbani kwake anatoa kama gramu 120 kwa siku, kwa hiyo kinu kimoja cha familia kinachafua kama mji wa watu 13,000. Ukiyafungulia mtoni samaki wanakosa hewa siku hiyohiyo, ndo maana Hispania walipiga marufuku kumwaga mitoni mwaka 1981.

Vitu vya kuangalia kabla hujachagua

Cha kwanza ni fenoli, kemikali chungu zilizomo kwenye zeituni. Zile zile zinazofanya mafuta ya zeituni yawe machungu kidogo na yasifiwe kwa afya, mti unazitumia kujilinda na vijidudu, na ni kama asilimia 2 tu ya fenoli za tunda zinazoingia kwenye mafuta, zilizobaki zinagawana maji na mashudu. Kwa hiyo unamwambia bakteria akale chakula ambacho kimetengenezwa kumfukuza. Kila njia lazima ieleze fenoli inazifanyaje.

Cha pili ni msimu, na kwangu hiki ndicho kinaamua karibu kila kitu. Kinu kinafanya kazi kuanzia Novemba mpaka Januari au Februari, afu kimya. Bakteria yeye hana likizo, anataka kula miezi 12. Watu wanakaa kubishana bakteria gani mkali zaidi wakati swali lenyewe ni nani atawalisha mwezi wa 6.

Cha tatu umeme na pesa, cha nne kinachobaki mwishoni (kwa sababu hakuna njia inayokuachia maji ya kunywa, zote zinakuachia kitu), na cha tano mtu wa kusimamia pamoja na majirani wa kunusa. Twende sasa.

Bakteria wa bila hewa, mtambo wa biogesi

Hapa unafunga tangi kabisa, hewa haingii, unapasha moto mpaka kama nyuzi 35, na vijidudu vinapokezana: wa kwanza wanavunja mafuta na sukari, wengine wanazigeuza kuwa asidi, wa mwisho wanakula hizo asidi na kutoa methani. Hao wa mwisho wanasayansi wanawaweka kwenye kundi lao la arkea, ila kazini wote tunawaita bakteria na hakuna anayegombana.

Faida yake kubwa ni kwamba anaupenda mzigo mzito. Kila kilo ya COD inayoondoka inatoa kama lita 350 za methani, kwa hiyo kile kinu chetu cha tani 20 ukiondoa asilimia 70 ya mzigo unapata methani karibu mita 390 za ujazo kwa siku, na kila mita ina joto la kama kWh 10. Hiyo inatosha kupasha maji ya kinu na ikabaki. Tope nalo ni dogo sana, kwa sababu hawa viumbe nguvu nyingi wanaitoa nje kama gesi badala ya kunenepa.

Shida ni fenoli na asidi. Wale wa mwisho wa methani ndo wadhaifu kuliko wote, wanakua polepole, na maji ya zeituni yanakuja na pH (kipimo cha asidi, 7 ndo katikati, chini yake ni asidi) ya 5 hivi na nitrojeni kiduchu. Nilishuhudia mwenyewe mwezi wa Januari, lori moja zima la maji mabichi lilimiminwa kwenye tangi kwa mkupuo kwa sababu dereva alikuwa na haraka na tuliokuwa zamu hatukumzuia, siku ya pili gesi imepungua, siku ya nne pH iko chini ya 6, mtambo umechacha kabisa kama uji uliosahaulika, na kuurudisha ilichukua zaidi ya mwezi kwa kuweka chokaa kidogokidogo na kuomba samadi kwa wafugaji. Dawa inayojulikana ni kuchanganya: samadi ya ng'ombe au kinyesi cha kuku kinaleta nitrojeni na kinazuia asidi isipande ghafla, na yenyewe inazimua fenoli.

Na msimu? Hapa kuchanganya kunakuokoa mara ya pili. Zeituni zikiisha Februari, kule Ugiriki kondoo na mbuzi wanakamuliwa kwa wingi na viwanda vya jibini vina maji ya jibini ya kutupa, unayaingiza hayo, afu samadi mwaka mzima. Bila mwenzi wa aina hiyo mtambo wa zeituni peke yake ni kujenga nyumba ya kulala miezi mitatu. Ndo maana huwa nawaambia Watanzania wanaonitajia ule mtambo wa biogesi ya mkonge wa Hale, Tanga, kwamba mkonge unakatwa mwaka mzima, tangi lake halilali njaa, usichukue hesabu za mkonge ukazibandika kwenye zeituni.

Kinachobaki ni maji bado ya kahawia, bado yana COD ya kutosha, yana potasiamu, hayafai mtoni. Yanafaa shambani, au yaende hatua ya pili. Na unahitaji fundi anayeelewa gesi, siyo mtu wa kupita asubuhi na jioni, maana methani inalipuka na ile gesi ya yai bovu inaua ikijaa shimoni. Harufu nje ni ndogo kwa sababu kila kitu kimefungwa.

Inamfaa nani: ushirika wa vinu kadhaa vilivyo karibu, wenye mifugo jirani na mahali pa kutumia joto au kuuza umeme.

Bakteria wa hewa, tangi la kupuliza au kichujio cha mawe

Hawa ni wale wa mitambo ya maji taka ya mijini, unawapa oksijeni wanakula haraka. Kuna namna mbili na msizichanganye.

Namna ya kwanza ni tangi lenye mashine ya kupuliza hewa. Kwa maji ya zeituni mabichi mimi siipendi, nasema wazi. Kuondoa kilo 1 ya COD kunakula kama kWh 1 ya umeme, kwa kinu chetu ni zaidi ya kWh 1,000 kila siku, lazima uyazimue kwa maji safi mara nyingi ndo wasife (na hiyo ni nchi ambayo kiangazi inakosa maji), lazima uwaongezee urea kwa sababu kwa kila sehemu 100 za chakula wanataka kama 5 za nitrojeni na 1 ya fosforasi, na karibu nusu ya chakula wanaigeuza kuwa miili yao, yaani tope, ambalo nalo utalipeleka wapi. Lakini tuwe wa haki, ikiwekwa nyuma ya mtambo wa biogesi, mzigo ukiwa umeshashuka, hapo inafanya kazi nzuri.

Namna ya pili ni kichujio cha mawe, au vipande vya plastiki, vimepangwa kwenye mnara, maji yanamwagwa juu yanatiririka, bakteria wamejishika kwenye mawe kama utelezi wa mtoni, hewa inapita yenyewe kwa mianya. Umeme ni wa pampu tu ya kurudisha maji juu. Watafiti wa Ugiriki wamefanya hii kwa ukubwa kamili wa kinu, na kitu kilichonifurahisha ni kwamba hawakununua bakteria wa chupa, walitumia waliomo kwenye zeituni zenyewe. Ina maana sana ukifikiria: aliyezaliwa kwenye uchungu ameshauzoea. Wauzaji wa unga wa bakteria wapo wengi na wanaongea vizuri, ila mbegu bora ya kuanzia mara nyingi iko kwenye shimo la kinu chako.

Kwa upande wa fenoli hawa wanazivunja vizuri kuliko wa methani, wana oksijeni ya kupasulia ile pete ya kaboni iliyo ndani ya fenoli, japo rangi ya kahawia inabaki. Msimu unawakera kidogo tu, mawe yakikauka kiangazi unaanza upya Novemba na ndani ya wiki chache utelezi umerudi, huhitaji kuwalisha mwaka mzima. Hilo kwa kinu kidogo ni jambo kubwa sana. Ubaya ni kuziba: mafuta na vipande vya nyama ya tunda vikiingia mawe yanaziba, hewa haipiti, unaanza kunusa kuoza, kwa hiyo lazima kuwe na tangi la kutulia mbele yake, na mtu wa kulisafisha kweli, siyo kwa karatasi. Majirani watasikia harufu kidogo, pia inzi. Kinachobaki bado kinahitaji kumaliziwa, wengi wanapitisha kwenye kitalu cha matete.

Inamfaa nani: kinu kimoja cha familia, hela ya kiasi, kina eneo, na hakitaki habari za gesi.

Azotobacter, badala ya kusafisha unapika mbolea

Hii ndo watu wengi hawajaisikia, na mimi nina upendo nayo kwa hiyo nisomeni mkijua hilo. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Athens, kikundi cha Constantinos Balis, kwenye miaka ya 1990 waliangalia maji haya kwa jicho la mkulima wakasema: kaboni nyingi, nitrojeni hakuna, nani anaishi vizuri hapo? Jibu ni Azotobacter vinelandii, bakteria wa udongoni anayechukua nitrojeni kwenye hewa. Kwa wengine ukosefu wa nitrojeni ni kasoro, kwake ni nafasi, kwa sababu washindani wake wanakwama yeye anaendelea.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza. Unatia chokaa mpaka asidi iishe na pH ipande kwenye 7 au 8, chokaa hiyohiyo inashusha na sehemu ya fenoli chini, unapuliza hewa, unaacha siku kadhaa, unachota sehemu kubwa na kubakiza kidogo ya mbegu kama unavyobakiza mtindi wa jana kugandishia maziwa ya leo. Kinachotoka ni uji wa kahawia uliopungua sumu, una bakteria hai, ute unaoshika udongo, potasiamu iliyokuwemo na nitrojeni kidogo iliyovutwa hewani. Unarudi kwenye mizeituni ileile.

Fenoli zinashughulikiwa vizuri. Msimu haumsumbui, unahifadhi mbegu ndogo maabara au unanunua upya. Umeme upo wa kupuliza ila siyo wa kufikia viwango vya mtoni, unapuliza mpaka mbolea iive tu. Gharama inayosahaulika ni chokaa, ni magunia siyo mifuko, na mtu wa kupima pH kila siku. Kinachobaki ndicho bidhaa, na hapo ndo penye mtihani: lita ni nyingi, uji mzito wa kubeba kwa lori siyo mbolea ya gunia, ukiwa mbali na mashamba mafuta ya gari yanakula faida yote. Na lazima sheria ya nchi yako iutambue kama mbolea, isipotambua bado una taka mkononi, ila taka zenye harufu nzuri kidogo.

Inamfaa nani: kinu ambacho mwenye kinu ndiye mwenye mashamba, au ushirika wa wakulima waliozunguka hapohapo, hasa wanaolima bila mbolea za viwandani.

Kumwaga shambani kwa kipimo

Kuna wasomi wanaidharau hii, mimi siidharau. Udongo ni mtambo wa bakteria uliojengwa tayari, shida ni kipimo. Italia ina sheria ya 1996, namba 574, inaruhusu mita za ujazo 50 kwa hekta kwa mwaka kwa maji ya vinu vya kubana vya zamani na 80 kwa vya kisasa, ila siyo karibu na makazi, siyo penye mboga shambani, siyo pale maji ya ardhini yako karibu, kwenye kina kisichofika mita 10 kutoka juu, siyo kwenye udongo uliojaa maji au ulioganda. Tunisia nayo tangu 2013 inaruhusu 50 kwa hekta. Mita 50 kwa hekta ni lita 5 kwa kila mita moja ya mraba, kamvua kadogo tu.

Piga hesabu: kinu chetu kikisaga siku 90 kina mita 1,800, kwa kipimo cha Tunisia unataka hekta 36, kwa cha Italia hekta 22 na nusu, na mwaka kesho siyo lazima palepale. Fenoli zinawapiga bakteria wa udongo mwanzoni, afu wanarudi, unachofanya ni kumwaga mapema kabla ya kupanda ili upe wiki za kutosha. Udongo wa chokaa ambao uko tele Mediterania unaimeza ile asidi vizuri. Udongo wa mchanga wenye kisima karibu, hapo usiguse, fenoli na chumvi zinashuka moja kwa moja kwa watu wanaokunywa.

Umeme karibu hakuna, fundi hatakiwi, kinachotakiwa ni tangi la kuhifadhia, trekta, daftari, na uaminifu. Naweka uaminifu kwa makusudi. Nimeona shamba ambalo daftari linasema 50 na ardhi inasema 300, ilikuwa na ngozi nyeusi juu isiyopitisha mvua. Inamfaa mwenye ardhi nyingi na tambarare, hamfai mwenye kinu kilichobanwa kati ya nyumba na korongo.

Kabla hujanunua chochote

Kuna swali la kumuuliza mwenye kinu kwanza: mashine yako ni ya njia tatu au mbili? Hispania mwanzoni mwa miaka ya 1990 walihamia mashine za njia mbili, ambazo haziongezi maji mengi, kwa hiyo yale maji meusi karibu yanapotea. Hayapotei bure, yanaingia kwenye mashudu ambayo yanakuwa tope zito lenye maji asilimia 60 mpaka 70, wanaliita alperujo, na kulikausha au kuliozesha kuwa mboji ni kazi nyingine ya bakteria na kuni. Lakini kama mashine imezeeka na inabadilishwa kesho kutwa, usijenge mtambo wa maji leo.

Sasa wewe uko wapi?

Kama vinu vyenu viko vitano sita ndani ya mwendo mfupi na kuna mabanda ya kuku au ng'ombe jirani, kaeni pamoja mhesabu biogesi, mkianza na mkataba wa samadi kabla ya mkataba wa tangi.

Kama ni kinu kimoja, ardhi kidogo, na serikali inataka maji yashuke viwango kabla ya kutoka getini, kichujio cha mawe na kitalu cha matete nyuma yake. Kama maji lazima yaende mtoni kabisa, hakuna hatua moja itakayokufikisha, utahitaji bila hewa kwanza, hewa baadaye, na bajeti yake.

Kama mashamba ni yako na yako hapohapo, chagua kati ya Azotobacter na kumwaga kwa kipimo kwa kuangalia udongo: una hekta za kutosha na maji ya ardhini yako mbali, mwaga kwa kipimo, okoa hela. Hekta ni chache au udongo umechoka na unautaka upone, lipia chokaa upike mbolea.

Na kwa wale walioko CPU za kahawa (vituo vya pamoja vya kumenyea kahawa) Kilimanjaro au Mbinga mnaonisoma kwa sababu maji yenu nayo ni machachu na ya msimu: mnaweza kuazima vichujio na hata mabwawa ya kufunga, ila kahawa haina fenoli kali kama za zeituni, kero yenu kubwa ni sukari na ute unaochacha na kushusha pH mpaka 4, kwa hiyo anzeni kupunguza maji ya kumenyea na muweke chokaa mbele, afu mnitumie pH zenu za wiki nzima, asubuhi na jioni, ndo tuongee kuhusu tangi.